Sarafu za Kale na Kampuni za Kuzipima: Faida, Mipaka na Hukumu Zake

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, tumekuwa tukipokea maswali kutoka kwa familia za Unguja na Pemba, na kwa jamaa zao walioko Oman na Ulaya, kuhusu sarafu za kale. Swali huja kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Mzee amefariki, kasha lake limefunguliwa, na ndani yake kumekutwa sarafu: pesa za shaba za zama za Sayyid Barghash, reale za fedha zenye sura ya mwanamke, pengine na kipande kimoja au viwili vya dhahabu. Mmoja wa warithi anasema sarafu zipelekwe Marekani zikapimwe na kampuni maalumu kabla ya kugawiwa. Mwengine anasema huo ni upotevu wa pesa, sonara wa mjini anatosha. Wa tatu anauliza: je, jambo hili lina asili katika dini yetu, au ni mchezo wa matajiri?

Tutalieleza jambo hili kwa utaratibu: kampuni hizi ni nini, zinafanya nini, wapi zinafaa na wapi hazifai, kisha hukumu za sheria zinazoambatana nazo.

Kupima sarafu si jambo geni katika Uislamu

Neno letu la Kiswahili "nakidi", yaani pesa mkononi, limetokana na Kiarabu "naqd". Asili ya neno hilo ni kuipima na kuichambua sarafu ili kujua nzima na mbovu. Mtu aliyefanya kazi hiyo sokoni aliitwa "naqqad" au "sayrafi", na wanazuoni wa hadithi walipotaka kueleza kazi yao ya kutenganisha hadithi sahihi na dhaifu, walijifananisha na huyo sarafi anayeijua dirhamu mbovu kwa kuitazama tu.

Waislamu wa mwanzo walitumia dinari za Kirumi na dirhamu za Kifursi zenye sura za wafalme. Ilipofika mwaka 77 Hijria, Khalifa Abdul-Malik bin Marwan akatoa dinari ya Kiislamu yenye maandishi matupu, na uzito wake ukawekwa kuwa takriban gramu 4.25. Huko Misri, watawala wa Kiislamu walitengeneza mawe ya mizani ya kioo, yenye kupigwa muhuri, ili dinari ipimwe mbele ya muuzaji na mnunuzi. Baadhi ya vioo hivyo viko katika makumbusho mpaka leo.

Imamu Ghazali, alipozungumzia adabu za biashara katika Ihyaa, alilikemea vikali jambo la kuipitisha dirhamu ya bandia. Alieleza kuwa dhambi yake haiishi kwa aliyeitoa, kwani dirhamu hiyo hupita mkono kwa mkono na madhara yake yakamfuata wa kwanza hata baada ya kufa kwake. Akasema pia kwamba mfanyabiashara anawajibika kujifunza elimu ya kupima sarafu, si kwa faida yake tu, bali ili asije akampa Muislamu mwenziwe sarafu mbovu bila kujua.

Kwa hiyo msingi upo. Lililo jipya ni namna ya kufanya.

Kampuni hizi zilitoka wapi

Mwaka 1949 daktari mmoja wa Marekani, William Sheldon, aliandika kitabu kuhusu senti za shaba za mwanzo za nchi hiyo. Ndani yake aliweka kipimo cha hali ya sarafu kuanzia 1 hadi 70. Sarafu ya 1 ni ile iliyosagika mpaka inatambulika kwa shida, na ya 70 ni isiyo na doa lolote. Fikra yake ilikuwa kwamba ya 70 ina thamani mara sabini ya ile ya 1. Hesabu hiyo ya bei haikudumu, lakini namba zimebaki, na ndizo zinazotumika duniani mpaka leo. Kwa kawaida sarafu yenye 60 na kuendelea ni ile ambayo haikupita mikononi mwa watu sokoni.

Tatizo lililowasumbua wakusanyaji ni kwamba kila muuzaji alikuwa na jicho lake. Mfanyabiashara anaponunua kwa mjane husema sarafu imechakaa, na akiiuza kesho sarafu ile ile huwa nzuri isiyo na mfano. Ndugu msomaji, hii ndiyo tabia iliyokemewa katika mwanzo wa Suratul Mutaffifin: watu ambao wakijipimia hutimiza, na wakiwapimia wengine hupunguza. Aya zimetaja kipimo na mizani, lakini wanazuoni wameeleza kuwa maana yake inaingia katika kila mahali ambapo mtu hutumia vipimo viwili, kimoja chake na kimoja cha wenziwe.

Ili kulitatua hilo, jumuiya ya wakusanyaji sarafu ya Marekani ilianzisha mwaka 1972 huduma ya kuthibitisha sarafu iitwayo ANACS. Kisha zikaja kampuni mbili ambazo ndizo kubwa zaidi hivi leo: PCGS ya jimbo la California, iliyoanza kupokea sarafu mwaka 1986, na NGC, iliyoanzishwa mwaka 1987 na ambayo makao yake yako Florida.

Wanafanyaje kazi

Mwenye sarafu hujaza fomu, akaitaja sarafu yake na thamani anayoikadiria, akalipa ada na kuituma kwa posta yenye bima. Ikifika hupewa namba, na kutoka hapo mpimaji haoni jina la mwenyewe. Wapimaji zaidi ya mmoja huitazama, kila mmoja peke yake, kisha rai zao hulinganishwa na ukatolewa uamuzi.

Jambo la kwanza wanaloangalia ni kama sarafu ni ya kweli au ya bandia: uzito, kipenyo, madini, na alama ndogo ndogo za muhuri uliotumika kuipiga. Jambo la pili ni kama imeharibiwa: imesafishwa, imetobolewa, imechomelewa, imechongwa pembeni. Jambo la tatu ndilo daraja lenyewe kwa namba.

Baadaye sarafu hufungiwa ndani ya kifuniko cha plastiki ngumu ambacho hakifunguki bila kuvunjwa. Juu yake kuna karatasi yenye jina la sarafu, mwaka, daraja na namba ya cheti. Namba hiyo mtu yeyote anaweza kuiingiza katika tovuti ya kampuni akaona kama ipo na ni ya sarafu gani. Kampuni pia hutoa hesabu ya sarafu ngapi za aina ile zimewahi kupita kwao na kwa daraja gani, na hutoa dhamana ya kumlipa mnunuzi ikithibitika kuwa wamekosea, kwa masharti yao.

Zingatia kwamba katika mpangilio huu anayepima si anayeuza. NGC imejijengea jina kwa kuwazuia wapimaji wake kufanya biashara ya sarafu. Hili linakubaliana na kanuni inayojulikana katika fiqhi: shahidi mwenye maslahi katika jambo analolishuhudia, ushahidi wake una walakini. Dalali anayetaka kuinunua sarafu ya mama yako hawezi kuwa ndiye mthamini wake.

Faida yake kwa familia zetu

Tuchukue sarafu ambazo hasa hukutwa katika makasha ya visiwani.

Kwanza, pesa ya shaba ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria, sawa na 1882. Upande mmoja ina jina la Sultani, na upande wa pili ina picha ya mizani. Sarafu hizi zilipigwa kwa wingi sana na bado ziko nyingi. Ikiwa imesagika, thamani yake ni ndogo mno, na ada ya kuipima peke yake itaizidi. Kuipeleka Marekani ni israfu. Lakini reale za fedha za mwaka huo huo za Sayyid Barghash ni adimu sana kuliko pesa za shaba, na za dhahabu ni adimu zaidi ya hizo. Mwenye nayo asiiuze kwa haraka kwa uzito wa madini.

Pili, sarafu za Sayyid Ali bin Hamud za mwaka 1908, zenye picha ya mnazi: senti 1 na senti 10 za shaba nyeusi, na senti 20 za nikeli. Hizi nazo ni adimu, na hali yake ikiwa nzuri hutafutwa na wakusanyaji.

Tatu, reale ya Maria Theresa, yenye sura ya malkia wa Austria na mwaka 1780. Hapa watu wengi hudanganyika. Mwaka 1780 ndio aliofariki malkia huyo, na tangu hapo sarafu imeendelea kupigwa kwa mwaka ule ule ulioandikwa, katika Vienna, London, Rome, Bombay na kwengineko, mpaka karne yetu. Kwa hiyo mtu asikwambie una sarafu yenye zaidi ya miaka mia mbili kwa kuisoma tarehe tu. Nyingi thamani yake haipandi sana juu ya fedha iliyomo ndani. Mtaalamu ndiye anayejua, kwa alama ndogo za muhuri, ipi ni ya mwanzo na ipi ni ya juzi.

Nne, rupia 15 za dhahabu zilizopigwa na Wajerumani Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza, zenye picha ya tembo. Zilipigwa katika karakana ya reli kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na idadi yake ilikuwa kiasi cha 16,000 tu. Kwa kuwa zinatafutwa sana, za kuiga ni nyingi. Hapa cheti cha kampuni yenye kuaminika kina faida ya wazi. Mnunuzi mwenye akili hatatoa bei kamili kwa sarafu ya Tabora isiyothibitishwa, na muuzaji mcha Mungu hatataka kuuza asichokuwa na yakini nacho.

Kipimo chepesi ni hiki. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ada, posta na bima ya kwenda na kurudi ni dola 80 kwa sarafu moja. Kama sarafu bila cheti itauzwa dola 30 na ikiwa na cheti dola 60, kuituma ni hasara. Kama bila cheti watu wanatoa dola 600 kwa hofu ya ughushi, na ikithibitishwa itafika 1,500, kuituma ni kuhifadhi mali. Na kuhifadhi mali ni miongoni mwa makusudio matano ya sheria.

Kuna faida nyengine ambayo haimo katika bei: kuondoa ugomvi. Warithi wanapokuwa mmoja Chake Chake, mmoja Muscat na mmoja London, karatasi ya mtu wa tatu asiyemjua yeyote kati yao huzima shaka ambayo maneno ya ndugu hayawezi kuizima.

Mipaka ambayo lazima ijulikane

Namba iliyoandikwa kwenye kifuniko ni rai ya wataalamu, si yakini. Sarafu moja ikipelekwa mara mbili inaweza kupewa 64 leo na 65 mwakani, na kwa baadhi ya sarafu tofauti hiyo ndogo huzidisha bei mara kadhaa. Ndiyo maana wapo watu wanaovunja vifuniko na kuzituma sarafu tena na tena wakitarajia daraja la juu. Sisi tunaona mwenendo huo unakaribia kamari kuliko biashara, na hatuwashauri Waislamu kuushika.

Pili, waghushi hawakuishia kughushi sarafu, siku hizi wanaghushi na vifuniko pamoja na karatasi zake. Wengine huchukua namba ya kweli ya sarafu nyengine. Hivyo haitoshi kuiona namba katika tovuti. Linganisha picha iliyopo na sarafu iliyo mkononi, doa kwa doa.

Tatu, si kila aliyeandika "cheti" ni mpimaji. Zipo kampuni ndogo zinazotoa daraja la juu kwa kila atakayelipa. Cheti cha aina hiyo kinamhadaa mnunuzi, na anayekitumia huku anajua hali yake anashiriki katika udanganyifu.

Nne, ilimu peke yake haitoshi bila uaminifu. Huyo Sheldon aliyeweka kipimo cha namba, baada ya kufa kwake ilibainika kuwa alibadilisha senti katika hazina ya jumuiya ya sarafu ya New York, akachukua nzuri na kuacha za hali ya chini mahali pake, na suala hilo likafika mahakamani. Hatulitaji ili kumsema maiti, maana limeshathibiti hadharani, bali kwa ajili ya funzo. Aliyewafundisha watu kupima ndiye aliyewapunja. Allah atuhifadhi.

Tano, na hili ni kwa akina mama na wajukuu: msisafishe sarafu. Kuisugua kwa ndimu na majivu, kwa chumvi, au kwa dawa ya kung'arishia vyombo, huondoa ngozi yake ya asili na kuacha mikwaruzo isiyorudi. Kampuni huitambua mara moja, huandika kuwa imesafishwa, na hukataa kuipa namba. Sarafu nyeusi iliyokaa kimya miaka mia ina thamani kuliko inayometa. Ishike kwa ukingo, iweke mahali pakavu mbali na hewa ya chumvi, na usiitie katika mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo baada ya muda hutoa utomvu wa kijani na kuila sarafu.

Hukumu za sheria

Ada ya kupima. Ni ujira wa kazi inayojulikana, na inajuzu. Lakini kampuni hupanga ada kwa kuangalia thamani uliyoitaja. Kuishusha thamani kwa makusudi ili ulipe kidogo ni uongo katika mkataba, na haujuzu hata kama aliye upande wa pili si Muislamu.

Kuficha aibu. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alipita kwa muuza chakula, akaingiza mkono wake katika rundo na kukuta umajimaji chini. Alipoambiwa kuwa mvua ndiyo iliyokilowesha, akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja nasi. Kwa hivyo, kama kampuni imekurudishia sarafu na kusema imesafishwa au ni ya bandia, huwezi kuivunja katika kifuniko ukaiuza kama hukuwahi kuambiwa. Umeshajua, na kujua kumekuwajibisha. Mnunuzi akigundua aibu uliyoificha ana haki ya kuirejesha.

Kubadilisha dhahabu kwa dhahabu. Hapa ndipo wengi huteleza, nasi tunaomba msomaji alisome kwa utulivu. Mtu ana sarafu mbili za dhahabu za daraja la chini, mwenziwe ana moja ya daraja la juu, wakakubaliana kubadilishana mbili kwa moja. Jambo hili halijuzu. Dhahabu kwa dhahabu ni lazima zilingane kwa uzito na zikabidhiwe papo hapo, wala ubora hauhalalishi ziada. Dalili yake ni kisa cha tende za Khaybar: Mtume (s.a.w.) aliletewa tende bora, akaambiwa kuwa pishi yake hununuliwa kwa pishi mbili za tende duni, akalikataza, akaelekeza ziuzwe zile duni kwa dirhamu, kisha dirhamu hizo zinunuliwe tende bora. Basi fanya hivyo hivyo: uza sarafu zako kwa pesa, pokea pesa yako, kisha nunua unayoitaka. Fedha kwa fedha nayo ni vivyo hivyo.

Kununua kwa pesa za noti. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, ilipitisha kuwa noti zina sifa kamili ya thamani na hukumu za riba zinazihusu. Kwa hiyo sarafu ya dhahabu au ya fedha inaponunuliwa kwa noti, ziada inajuzu lakini kuchelewesha hakujuzu. Kulipa leo na sarafu ije baada ya wiki tatu ni tatizo, hata ikiwa na cheti. Njia ya kutokea ni kumuweka wakili aliye huko, aipokee sarafu kwa mkono wake wakati ule ule anapolipa. Ama sarafu za shaba na nikeli, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii hazina hukumu ya riba, na zilizokwishaondoka sokoni ni bidhaa kama bidhaa nyengine.

Zaka. Mwenye kukusanya kwa biashara hutoa zaka ya bei ya soko kila mwaka, asilimia 2.5, na hapo daraja lina athari kwa sababu bei inalifuata. Asiye mfanyabiashara, ambaye ameweka tu, huangalia madini halisi. Nisabu ya dhahabu ni gramu 85 na ya fedha ni gramu 595. Reale moja ya Maria Theresa ina uzito wa takriban gramu 28.07, na fedha safi ndani yake ni kama gramu 23.4. Kwa hiyo nyumba yenye reale 26 zilizotimiza mwaka zimeshafika nisabu, na wengi hawalijui hilo. Rupia 15 ya Tabora ina gramu 7.17, robo tatu yake ndiyo dhahabu, yaani gramu 5.4 hivi, basi zinahitajika 16 kufika nisabu peke yake.

Sarafu zilizochimbwa ardhini. Visiwa vyetu vina historia ndefu. Pale Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 watafiti walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu. Mwenye kuokota sarafu yenye maandishi ya Kiislamu asidhani ni rikazi, atoe khumsi na ibaki yake. Wanazuoni wetu wanaihesabu kuwa ni lukata, mali ya Muislamu asiyejulikana. Na sheria ya nchi imeweka utaratibu wa vitu vya kale. Aifikishe kwa ofisi inayohusika na makumbusho na mambo ya kale, na asiisafirishe kwenda kupimwa nje kwa siri. Hata sarafu ya urithi wa nyumbani, ni vyema kuuliza ofisi hiyo kabla ya kuitoa nchini.

Katika mirathi

Tumeliacha hili la mwisho kwa sababu ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote. Chukulia marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mali ikigawiwa mafungu 32, mke ana mafungu 4, mtoto wa kiume 14, na kila binti 7. Ndani ya mali mna sarafu. Mtoto wa kiume, ambaye amezunguka na anajua, anawaambia dada zake: "Hivi ni vyuma tu, niachieni mimi, nitawapa elfu hamsini kila mmoja." Wanaridhia kwa kumuamini kaka yao. Baada ya miezi sita moja ya sarafu hizo inauzwa nje kwa mamilioni.

Je, ridhaa ile ilikuwa ridhaa? Ridhaa inayozingatiwa katika kuhalalisha mali ni ya mtu anayejua anaridhia nini. Aliyeficha anachokijua akamnunulia dada yake au mama yake chini ya thamani, amekula haki yao, na dhima haitoki kwa kusema "walikubali wenyewe". Akiwemo yatima kati ya warithi, mambo huwa mazito zaidi, kwani hata ridhaa yake haizingatiwi, na msimamizi haruhusiki kuiuza mali yake chini ya bei ya mfano wake. Tunajua sote onyo kali lililokuja katika Suratun Nisaa juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma.

Kwa hiyo nasaha yetu kwa familia ni hii. Zihesabuni sarafu mbele ya warithi wote au mawakili wao, zipigwe picha pande mbili, na ziandikwe moja moja pamoja na uzito wake. Muulizeni mjuzi asiye na nia ya kununua, hata kwa kumtumia picha, azichague zile zinazostahiki kupimwa. Nyingi hazitastahiki, na hizo zigaweni au ziuzeni kwa bei ya soko la hapa. Chache zinazostahiki zipelekwe kwa jina la warithi wote, ada itoke katika mali kwa idhini ya warithi wote, na fungu la yatima lisiguswe ila kwa maslahi yake ya wazi. Anayetaka kubaki na sarafu kama kumbukumbu ya babu, abaki nayo kwa bei iliyobainika, na ihesabiwe katika fungu lake.

Kama hamna uwezo wa kuzipima kwa sasa, na baadhi ya warithi wanataka kuuza, basi anayejua zaidi aseme anachokijua. Huo ndio upimaji wa mwanzo, hauna ada, na hauhitaji posta.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza kipimo, azisafishe mali zetu kutokana na haki za wengine, na awarehemu wazee wetu waliotutangulia. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.